Mita Sitini za Asenati

Benchi letu lilikuwa la kanisa, mpaka mchwa walipolila mguu mmoja likatupwa, nasi tukaliokota. Kila siku jua likianza kupoa tunalibeba wanne, kila mtu na pembe yake, tunaliweka pale lami ya uwanja wa ndege inapoishia. Tuseme ukweli, ni hatua tano ndani ya lami, maana upepo wa bahari unapita hapo na si penginepo. Hapa Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, hakuna mahali pengine penye nafasi ya kujinyoosha. Upande huu watoto wanacheza mpira, upande ule wasichana wa voliboli, katikati pikipiki zinakatiza, na mbwa wamelala wakijua hapa ni kwao. Kijiweni tuko wanne. Penitala tunamwita Rada, alifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini, na sijawahi kumsikia akitabiri mvua ikanyesha. Sakaio ni Hambagi, kwa jina la bandari ya Wajerumani, maana ujana wake aliumalizia kwenye meli zao, na mpaka leo anavaa kofia yao ya sufi kwenye joto hili. Okilani ni Jaji, ingawa mahakamani alifika mara moja tu na hakwenda kuhukumu. Na mimi Telupe wananiita Mama Chupa, kwa sababu chupa ya kahawa ni yangu. Naipika mwenyewe, naitia asali ya mnazi, na asiyenisikiliza hanywi.

Alhamisi ile hakuna aliyenisikiliza, na walikunywa vilevile. Ndege ya mchana ilichelewa, wakasema itafika saa kumi, na ndani yake alikuwamo Asenati, binti wa Filiga, mkimbiaji wetu. Nchi nzima tulipeleka watu watatu kwenye Michezo: mnyanyua vyuma, mrusha kisahani, na yeye. Wale wawili walishindwa kwa heshima kama tulivyozoea, wakarudi mapema, tukawapigia makofi. Asenati ndiye aliyetutia wazimu.

— Irudishe, Jaji alisema. Irudishe pale mwanzo.

— Nimeirudisha mara arobaini, Hambagi akasema. Simu itaungua.

— Iungue. Nataka kuiona shingo yake.

Ilikuwa video ya nusu dakika, mbio za mita mia. Mjukuu wa Rada alihangaika na mtandao siku mbili mpaka akaipata. Simu ya Hambagi iliingia maji ya bahari mwaka jana, spika ikafa, kwa hiyo tuliitazama bila sauti. Wasichana wanane. Wetu yuko njia ya tatu, fulana ya buluu. Wanaondoka. Mita thelathini ni wa tano. Mita hamsini ni wa pili. Wa pili! Sisi! Mimi kila nikifika hapo nashika kifua, japo najua kinachofuata. Mita sitini, anageuka kushoto. Hajikwai, hashiki paja, haanguki. Anageuka tu, anawakatiza wale wawili waliokuwa nyuma yake, nusura wamvae, anaingia majanini, anasimama, anaweka kiganja juu ya macho, anatazama juu. Wenzake wanamaliza mbio na kukumbatiana. Yeye bado anatazama juu.

— Hapo! Jaji alijipiga goti. Hapo anamtazama nani?

— Anamtazama Mungu, Rada akasema. Anaomba msamaha.

— Msamaha wa nini kama hajafanya kitu?

— Sasa mimi nimesema kafanya kitu?

— Umesema msamaha.

— Nyamazeni nyote, Hambagi akasema. Mimi nimekaa bandari za watu, mambo haya nayajua. Ule uwanja una ghorofa tatu za viti. Anayetazamwa kakaa juu kabisa. Pale kuna mwanamume.

— Mwanamume gani? nikamuuliza.

— Mwanamume! Kuna wa aina ngapi? Kavaa miwani ya jua, kakunja nne. Kamwambia, ukinikubali, ukifika mita sitini toka unipe ishara.

— Si angemaliza tu mita arobaini zilizobaki, ampe ishara na medali juu?

— Mama Chupa, wewe mapenzi umeyasahau.

— Nimeyasahau? Mwenye kusahauliwa ni wewe. Uliporudi kutoka melini mkeo alikuuliza unamtafuta nani.

Rada alicheka mpaka kahawa ikampalia. Bado anakohoa, tukamwona Filiga amesimama nyuma yetu, na kicheko kikakauka hapo hapo.

Filiga ni dereva wa gari la zimamoto la uwanja. Miaka ishirini na mbili kazi yake ni kutuondoa sisi kwenye lami, sisi na mbwa na mipira, ndege inapokuja. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, gari kamwachia msaidizi wake. Alivaa shati la Jumapili, na mikononi alikuwa na beseni lenye mataji ya maua yaliyofunikwa kwa kitambaa kibichi yasinyauke.

— Endeleeni, alisema. Nimewasikia tangu kule kwenye nyavu za voliboli.

— Tunatania tu, Baba Asenati, nikasema. Karibu kahawa.

— Sitaki kahawa. Nimekuja kuuliza neno moja. Sanduku litapigwa au halipigwi?

Hapo kila mtu akatafuta pa kutazama. Kwetu mtu akirudi kutoka Michezo anavikwa taji na kuchezewa fatele, ngoma yetu, na fatele haiendi bila sanduku la mbao na watu wa kulizunguka na kulipiga kwa viganja. Upande wetu wa mji, sanduku ni letu sisi wa benchi. Wanaume hawa watatu ndio wapigaji, mimi ndiye naanzisha sauti za wanawake, na wimbo wa Asenati aliutunga Jaji kwa kinywa chake. Siku ya kumuaga tuliucheza mpaka sakafu ya ukumbi ikalia.

— Wanawake wa upande wa pili wameshasema hawaji, Filiga alisema. Wa kwetu wanawasubiri nyinyi. Msipopiga, hakuna atakayeimba. Atashuka kwenye ile ngazi kimya kimya, watu wote wamesimama, kila mtu anamtazama miguu.

— Tatizo hatujajua ukweli, Jaji akasema.

— Ukweli gani?

— Wa mita sitini. Filiga, mimi nimeimba mbele ya watu. Wimbo unasema atafika. Kila ubeti, atafika, atafika. Wachungaji walikuwepo, wabunge walikuwepo. Mwanao kafika mita sitini akashika njia yake. Sasa leo nikapige sanduku nimwimbie nini? Watu watanicheka.

— Okilani, ana miaka kumi na tisa. Akishuka kimya kimya hapa, hatakimbia tena. Namjua. Hata nje hatatoka.

— Mwenyewe amekwambia nini? nikauliza.

— Alipiga simu mara moja tu. Analia. Anasema, baba, miguu ilitoka yenyewe. Nikamuuliza ilitokaje, akashikwa na aibu, akakata.

— Miguu ilitoka yenyewe! Jaji akatutazama mmoja mmoja. Mmesikia? Mimi yangu ina miaka sitini na mmoja na haijatoka popote bila kuniambia. Miguu haitoki yenyewe, bwana. Kuna mkono.

Na mimi nikasema langu. Naliandika hapa ingawa linanichoma.

— Kusema kweli, Baba Asenati, nami naona kuna jambo. Mtu haachi kilicho chake katikati ya njia. Itazame hii chupa. Ninayo mwaka wa kumi na moja, sijaiacha popote, hata siku ya kimbunga niliibeba kifuani na watoto wakanishika sketi. Ukiona mtu kaacha kitu anachokitaka, yupo aliyemfanya akiache.

— Hata wewe, Telupe? Filiga akasema.

Hakuniita Mama Chupa. Nikajifanya nakaza kifuniko ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

Filiga aliweka beseni chini, akaketi kwenye lami pembeni ya benchi. Hakuondoka. Nadhani aliona bora asikie yote kuliko kwenda kuyawazia nyumbani. Rada, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akajisogeza mbele.

— Mimi sikubaliani na huyo mwanamume wa Hambagi, alisema. Mimi naenda kisayansi. Mmeona kile kidude kinachoelea juu ya uwanja, chenye kamera?

— Tumekiona.

— Kile kina mawimbi. Na Asenati ana jino lililozibwa kwa madini. Filiga, ni kweli au si kweli?

— Ni kweli, Filiga akasema.

— Basi! Mawimbi yanavuta madini. Kidude kilikuwa upande wa kushoto, mtoto akavutwa kushoto. Kwa jino!

— Jino lenyewe ni la kulia, Filiga akasema.

Rada alifikiri kidogo.

— Basi yalikuwa mawimbi ya kusukuma.

— Acha fiksi wewe! Hambagi akamrushia kofia. Mvua hujaiweza, sasa unataka meno.

— Cheka. Mimi redio nilisikiliza siku ile mwanzo mpaka mwisho, nyinyi mlikuwa mmelala. Mtangazaji alisema kulikuwa na vurugu uwanjani. Kuna yule wa kuruka na fimbo, wa nchi nyingine, alianguka vibaya akavunjika mguu. Gari la wagonjwa likaingia kumchukua, na wakati linatoka naye wao wakaendelea na mbio.

— Ngoja, Jaji akasema. Rudia hapo.

— Wapi?

— Kwa nini avunjike mguu dakika ile ile?

— Alianguka, Jaji. Mtu akianguka kutoka juu anavunjika.

— Wanaruka kila siku na magodoro yapo. Kwa nini siku hiyo, na saa hiyo, msichana wetu yuko wa pili? Hamwoni? Yule ni wa kuzuga. Watu wote wanamtazama yeye, hakuna anayetazama kinachofanyika njia ya tatu.

— Kwa hiyo mtu kajivunja mguu kwa ajili yetu? nikauliza.

— Mguu unapona, Mama Chupa.

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Litia. Ni Mfiji, ameletwa kufundisha hesabu sekondari, kashuka Jumanne, na kasha lake la vitabu likabaki Suva. Tangu ashuke alikuwa hajatoka nyumba ya walimu. Alikuja kuuliza kama ndege ya leo inaweza kuwa imelibeba.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu. Kasha litakuja, Hambagi akasema, kama si leo, mwezi ujao. Kunywa kahawa.

Nikammiminia. Akasimama mbele ya benchi, kikombe mkononi, mstaarabu kabisa, macho yakienda kwa Filiga aliyekaa chini na shati zuri.

— Kuna msiba? akaninong'oneza.

— Bado, nikamjibu.

— Mwalimu, umefika wakati mzuri, Jaji akasema. Wewe ni msomi, utanielewa. Hawa wameleta mwanamume wa miwani na jino. Ni mambo madogo. Mimi nimekaa na jambo hili wiki nzima, na sasa nalisema.

Akasimama. Jaji akisimama ujue tumekwisha.

— Sisi ni nchi ya watu elfu kumi na kidogo. Kila mwaka wanakuja wageni na vipimo, wanapima maji yamepanda wapi, ardhi imebaki kiasi gani. Wanapiga picha, wanaandika, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Nimewahi kuuliza, je, mnaandika nini? Hawasemi. Sasa mimi nawaambia wanachokitafuta. Wanataka kujua jambo moja tu. Mtu wa Tuvalu ukimwambia aondoke kwake, ataondoka?

— Mh, Rada akasema.

— Na utajuaje bila kujaribu? Unamchukua mmoja. Unamweka kwenye njia yake, imechorwa mistari myeupe kulia na kushoto, hiyo ni ardhi yake, ni haki yake. Unangoja mpaka ameona kwamba anaweza kushinda. Halafu, bila kumgusa, bila kumsukuma, unamfanya atoke. Kama ametoka yeye, na sisi wote tutatoka. Mtoto wa watu ametumika kutupima!

Sikupenda ile kauli. Ilikuwa upuuzi, lakini iliniingia mahali nisipopenda kuguswa, na nikaona Hambagi naye ameacha kuchezea simu.

— Na lile la kutazama juu? Hambagi akauliza taratibu.

— Setelaiti. Anaripoti.

— Asenati wangu anaripoti kwa setelaiti, Filiga akasema.

— Huenda hajui kama anaripoti. Simlaumu moja kwa moja, Filiga. Nasema ametoka. Wakati wa kutoka haukuwa wake, na ametoka. Hilo hata wewe baba mtu huwezi kulifuta. Mtu akiwa imara, hatoki. Mimi Okilani, niwekeni kwenye mstari wangu. Pigeni honi. Pigeni mizinga. Leteni polisi na mbwa wao. Mwalimu, nitazame vizuri: mtu huyu unayemwona hatoki. Sitoki hata kama—

King'ora kikalia.

Nani aliinuka kwanza, sijui. Najua tu kwamba pembe yangu ya benchi ilikuwa mkononi mwangu, na zile tatu zilikuwa zimeshainuliwa, na Jaji alikuwa mbele kabisa akivuta. Hakuna aliyesema twende. Hatua thelathini mpaka majanini kwenye ua wa uwanja, kama kila ndege inapokuja. Watoto waliacha mpira ukibingirika wenyewe. Wasichana wa voliboli waliacha nyavu. Pikipiki ziligeuka, mbwa waliamka wakatembea kwa uvivu, na uwanja mzima uliokuwa umejaa watu ukabaki mtupu kabla sauti haijafika mwisho. Filiga alikuwa ubavuni mwangu na beseni lake. Tukaweka benchi chini. Tukageukia kusini.

Mwalimu Litia alibaki peke yake juu ya lami, kikombe mkononi, mahali palipokuwa na watu watano na benchi. Msaidizi wa Filiga akampungia mkono kutoka kwenye gari la zimamoto. Akaja kwetu akitembea polepole, asimwage, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Alipofika akatazama tunakotazama. Kisha akauliza, kwa adabu ileile aliyokuja nayo:

— Samahanini, wazee wangu. Mnatazama nini huko juu?



Hapakuwa na kitu. King'ora cha kwanza hulia ndege ikiwa bado mbali, huioni wala huisikii. Mbingu ilikuwa buluu tupu, bila hata wingu. Nikashusha macho nikawaona wenzangu. Rada, shingo nyuma, kiganja juu ya macho. Hambagi, kiganja juu ya macho. Jaji, mkono mmoja bado umeshika pembe ya benchi, na ule mwingine juu ya macho. Ukingo mzima wa uwanja, watu mia kadhaa, wamesimama majanini hivyo hivyo. Na kiganja changu kilikuwa kwenye paji la uso wangu.

Hambagi ndiye aliyeushusha mkono kwanza. Akaitoa simu, akaitazama ile picha iliyokuwa imesimama pale Asenati anapotazama juu. Akatutazama sisi. Akaitazama tena, kisha akaizima akaitia mfukoni.

— Lile gari la wagonjwa, Rada akasema.

Kila mmoja wetu alikuwa amemsikia mwanzo aliposema linatoka na majeruhi, na kati yetu wanne hakuna aliyejiuliza linatoka na sauti gani.

— Alikuwa na miaka minne, Filiga akasema.

Alikuwa anaongea na beseni.

— King'ora kimelia, amefika majanini, ndala yake imemtoka mguuni, iko lamini. Akarudi kuifuata. Nilishuka kwenye gari nikambeba, nikamchapa. Siku ile tu, sijamchapa tena. Nikamwambia, mwanangu, ukisikia sauti hiyo, hata uwe umeshika nini, acha. Toka. Simama majanini utazame juu mpaka uione. Kila jioni nikimfundisha kukimbia hapa, kikilia, anatoka hivyo hivyo bila kupunguza mwendo. Nikawa nafurahi. Nikawa namsifu.

Uso ukamharibika, akageukia ule ua wa uwanja.

— Ni mimi, alisema. Mlikuwa mnatafuta mkono. Ni wangu.

Nilimshika bega. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikaona nikilisema nitalia kabla yake. Nikageuka kutafuta chupa nimpe hata kahawa, mkono ukapapasa nyasi. Haikuwepo. Nikainua macho. Ilikuwa kulee lamini, hatua tano ndani, imesimama peke yake na kikombe cha Rada pembeni. Miaka kumi na moja. Kimbunga niliibeba.

— Mama Chupa, Mwalimu Litia akasema, ile si chupa yako? Nikuletee?

— Usithubutu! tukamwambia watu wanne kwa pamoja.

Akashtuka, akarudi nyuma. Maskini, swali lake la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa.

Jaji aliachia pembe ya benchi, akaitazama mikono yake.

— Mimi nilikuwa naondoa benchi tu, alisema.

Tukamwacha aseme. Alikohoa, akavuta suruali, kisha akaondoka kuelekea nyumba za nyuma ya ua, kwanza akitembea, halafu nusu akikimbia, ndala zikimpiga visigino. Nikasema moyoni, huyo kakimbia aibu yake, atajifungia. Filiga alimwona akienda. Hakumwita. Alichukua taji moja kutoka kwenye beseni, akaanza kunyoosha ua moja lililojikunja, akalinyoosha mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Gari la zimamoto likapita lamini likisukuma mbwa mmoja aliyerudi. Likasimama penye chupa yangu. Msaidizi akashuka, akaiokota kwa pupa, ikamtoka mkononi, ikaanguka. Niliisikia kutoka pale majanini ikivunjika kioo cha ndani. Alipotufikia akanipa kupitia dirishani, kahawa ikichuruzika kwenye kiwiko chake, akamtazama Filiga, kisha mimi.

— Mama Chupa, hii kweli umeiacha wewe? aliuliza.

Nikaipokea, vipande vya kioo vikicheza ndani.

Kwa mbali ndege ikaanza kusikika. Bado huioni. Jaji akatokea nyuma ya ua, sanduku la mbao begani, fulana imelowa, anahema utadhani ndiye aliyetoka kwenye Michezo. Nyuma yake walikuja wanawake wa upande wetu, watatu, halafu wanane, halafu sikuhesabu. Sijui aliwaambia nini kwa muda mfupi vile, na mpaka leo hasemi. Akalitua sanduku nyasini.

— Bado nina maswali, alisema bila kumtazama Filiga. Lile jino sijaridhika nalo. Na yule wa fimbo namfuatilia. Lakini kaeni.

Tukakaa. Rada upande wake, Hambagi upande wake, kofia ya sufi kavua akaikalia. Filiga alisimama mbele yetu na taji mkononi, mgongo kwetu.

— Tuanze na ubeti gani? Hambagi akauliza.

— Uleule, Jaji akasema. Sikubadilisha kitu.

Akainua viganja. Nikavuta pumzi, nikaanzisha: atafika, atafika, na wanawake wakapokea, na sanduku likapigwa mpaka nyasi zikatikisika. Kusini kikaonekana kitu kidogo cheupe. Mwalimu Litia alikuwa amesimama kando yangu na kikombe chake, na nilipomtazama, alikuwa ameweka kiganja juu ya macho.